Kodi Ikisimama, Nani Atatengeneza Bomba?

Tangu tutoe kile kipindi cha kodi za nyumba Riyadh, ujumbe mnaotutumia umebadilika. Mwanzoni mlikuwa mnashangilia. Tarehe 25 Septemba 2025 serikali ilitangaza kwamba kodi ndani ya mipaka ya mji wa Riyadh hazitapanda kwa miaka 5, za makazi na za biashara, na wengi wetu tulishusha pumzi. Sasa swali linalokuja ni jingine kabisa: kodi haijapanda, lakini dari linavuja, kiyoyozi kinalia kama jenereta, na mwenye nyumba hapokei simu. Mtu afanye nini?

Nitalijibu, tena kwa vitendo, kule chini. Ila kwanza nataka tuzunguke kidogo kupitia Unguja na Mombasa, kwa sababu swali hili si geni kwetu. Ukifuatilia historia ya wapangaji wa pwani utaona jambo moja linajirudia. Watu wanapigania kodi, wanashinda au wanashinda nusu, kodi inasimama, halafu vita vinahamia kwenye matengenezo. Na vita hivyo vya pili ni vigumu zaidi, maana havina umati wala siku maalumu. Ni wewe, bomba lako, na mtu asiyepokea simu.

Ng'ambo: nyumba yangu, ardhi yako

Wengi wetu ambao wazee wetu wametoka Unguja mjini tunapenda kuweka picha za milango ya Mji Mkongwe kwenye simu zetu. Kusema kweli, wengi wa mababu zetu hawakulala nyuma ya milango ile. Walilala Ng'ambo, yaani upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenganisha majumba ya mawe na nyumba za udongo kabla haujafukiwa.

Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, watu wengi waliokuwa watumwa mashambani walihamia mjini. Ng'ambo wakakutana na Wangazija, watu wa bara, Washihiri na wengineo. Walijenga kwa miti, udongo na makuti. Nyumba ilikuwa yako kweli: unaweza kuiuza, kuirithisha, au kupangisha chumba kimoja upate pesa ya matumizi. Wanawake wengi walikuwa na nyumba zao wenyewe. Lakini ardhi iliyo chini ya nyumba ilikuwa ya mtu mwingine, au ya wakfu.

Kwa muda mrefu hilo halikuwa tatizo kubwa. Tajiri mwenye ardhi aliruhusu watu wajenge kwake, na yeye akapata heshima na watu wa kumzunguka. Lakini Waingereza, walioiweka Zanzibar chini ya himaya yao mwaka 1890, walikuja na hesabu nyingine: ardhi ni mali, na mali lazima izae pesa. Mahakama zao ziliwaunga mkono wenye ardhi, na kodi za viwanja zikaanza kutozwa na kupandishwa. Kufika miaka ya 1920 mtu wa Ng'ambo alikuwa analipia udongo ambao bibi yake alijenga juu yake bila kuulizwa kitu.

Mwaka 1928 watu wakagoma. Walikataa kulipa kodi ya kiwanja, mtaa kwa mtaa, na wanawake walikuwa mstari wa mbele. Walioshtakiwa kwa kutolipa walipokamatwa, umati ulikwenda kuwatoa mikononi mwa serikali. Watawala walishtuka, kwa sababu hawa hawakuwa askari wala chama cha siasa. Walikuwa wapangaji. Mwisho wake serikali iliingilia kati na kutunga sheria ya kudhibiti kodi za viwanja.

Huo ndio ushindi, na ni wetu, tuujue na tuusimulie. Lakini angalia ulichoacha nyuma. Sheria ilizungumzia kodi. Paa likivuja masika, hilo lilikuwa lako. Mtaro ukiziba mbele ya mlango, mwenye ardhi hakuwa na wajibu wa kuuzibua, kwa sababu yeye alikodisha udongo tu. Mpangaji wa Ng'ambo alijua tangu siku ya kwanza kwamba fundi ni yeye mwenyewe. Tabia hiyo haikuishia Ng'ambo. Ilipanda ndege.

Mombasa: nyumba bila ardhi

Kama wazee wako wametoka Mombasa, mpango huu unaujua kwa jina lake: nyumba bila ardhi. Majengo, Kisauni na mitaa mingine mingi, familia zimejenga nyumba za Kiswahili, zimezaa na kuzika humo, na bado kila mwezi zinalipa kodi ya kiwanja kwa mtu mwenye hati. Mpaka leo kesi za namna hii zipo mahakamani.

Ila Mombasa ina kitu cha ziada: bandari. Wafanyakazi wa bandarini na wa serikali walikuwa wamebanana vyumbani, na kodi ilikuwa ikimeza mshahara. Mwaka 1939, Julai na Agosti, waligoma. Moja ya madai yao makubwa ilikuwa posho ya nyumba. Tume iliyoundwa kuchunguza, Tume ya Willan, ilieleza wazi jinsi makazi ya wafanyakazi yalivyokuwa mabaya. Januari 1947 mji ulisimama tena kwa mgomo mkubwa zaidi, na Chege Kibachia akajulikana kama kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa Kiafrika kilichoshika usukani. Usipoiona nyumba ndani ya migomo hii, hujaielewa. Mshahara ulipiganiwa kwa sababu kodi ilikuwa haishikiki.

Baadaye ikaja sheria ya Kenya ya kuzuia kodi, ya mwaka 1959, ambayo kwa upande wetu ni muhimu kuliko inavyosifiwa. Sheria hii iliunda baraza la kodi, na baraza lile halikupewa kazi ya kupanga kodi pekee. Lilipewa pia uwezo wa kumwamuru mwenye nyumba afanye matengenezo yaliyo juu yake. Yaani mpangaji wa pwani alikuwa na mahali rasmi pa kusema: bomba limepasuka, naye hataki kulitengeneza.

Sasa ngoja nikuonyeshe tundu lake. Sheria ile inamlinda mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Zamani hiyo ilikuwa pesa. Leo ukitafuta nyumba Mombasa kwa shilingi 2,500, utaonyeshwa chumba ambacho hata baraza lingeona haya kukiingia. Kiwango kilibaki palepale, bei zikaendelea na safari yake, na wapangaji wengi wakajikuta nje ya mlango wa sheria bila mtu kuufunga.

Na zile nyumba za halmashauri? Buxton, Tudor, Changamwe, Likoni: hizi ndizo zilizokuwa karibu zaidi na kile ambacho Ulaya wanakiita nyumba za jamii. Kodi ilikuwa ndogo, na wengi walikaa humo kizazi baada ya kizazi. Lakini pesa ndogo iliyokusanywa haikurudi kwenye kuta. Rangi ilibanduka, mabomba yakaota kutu, na kila ofisi ikamnyooshea kidole mwenzake. Mwaka 2021 Buxton ilianza kubomolewa ili kujengwa upya. Mwaka huo uweke akilini, tutakutana nao tena Jeddah.

Michenzani: nyumba ya bure haina wa kumshtakia

Turudi Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964. Serikali ya Mzee Karume iliamua kwamba watu wa Ng'ambo watatoka kwenye udongo na makuti, waingie kwenye nyumba za kisasa. Ujerumani Mashariki ilisaidia. Kwanza zilijengwa Kikwajuni, kisha Kilimani. Mwaka 1968 mtaalamu wa mipango miji kutoka huko, Hubert Scholz, alichora ramani mpya ya mji, na ndipo ukaja mradi mkubwa wa Michenzani: majengo marefu kama gari moshi, mengine yanafika karibu mita 300, yakipanga foleni kwenye barabara mbili zinazokutana kwenye mzunguko. Ukifika Unguja huwezi kuyakosa.

Ili kuyajenga, nyumba nyingi za zamani zilibomolewa. Waliobomolewa walipewa fleti bila kulipa. Hebu fikiria maana yake kwa mtu ambaye bibi yake aligoma mwaka 1928. Kodi ya kiwanja, kwisha. Kodi ya nyumba, hakuna. Mwenye ardhi, hayupo. Kama ungeuliza Ng'ambo mwaka 1928 watu wanataka nini, wengi wangekuelezea kitu kinachofanana na hicho.

Halafu maji yakakataa kupanda. Watu wa ghorofa za juu wakawa wanabeba ndoo kwenye ngazi. Mabomba ya maji machafu yakavuja kutoka fleti moja kwenda nyingine. Paa ni la nani? Ngazi ni za nani? Bomba linalopita kwenye ukuta wa watu watano ni la nani? Hakukuwa na mkataba, kwa hiyo hakukuwa na karatasi inayojibu. Hakukuwa na kodi, kwa hiyo hakukuwa na mfuko wa matengenezo. Na kusema ukweli, mtu aliyepewa nyumba bure anaona haya kulalamika. Utamwambiaje serikali iliyokupa nyumba kwamba choo chake kinavuja?

Ilichukua miongo kabla ya Zanzibar kutunga sheria ya majengo yenye wamiliki wengi, mwaka 2010, na kuanzisha Shirika la Nyumba kwa sheria ya 2014. Mimi kazi yangu ni uhandisi wa majengo, na nikiwa likizo Unguja huwa nasimama pale chini kuyatazama. Saruji bado imesimama. Kilichochoka ni vile vitu vidogo ambavyo mtu mmoja alipaswa kuvishughulikia kila mwaka, na mtu huyo hakuwahi kuteuliwa.

Jeddah na Riyadh: wazazi wetu waliojifunza kunyamaza

Wazazi wetu walifika huku wakiwa na historia hiyo mfukoni, hata kama hawakuwahi kutusimulia. Walifika wakati Saudia yenyewe ilikuwa inajengwa upya. Bei ya mafuta ilipanda sana mwaka 1973. Mwaka 1974 serikali ilianzisha mfuko wa kuwakopesha raia pesa za kujenga nyumba, bila riba, na mitaa mizima ya majumba ikachipuka Riyadh na Jeddah. Serikali ilijenga pia minara ya fleti kwa haraka katika miji mikubwa. Minara ile ina kisa chake: mingi ilikaa mitupu kwa miaka, kwa sababu familia nyingi za Kisaudi hazikutaka kuishi ghorofani zikibanana na majirani. Mwaka 1990, Iraq ilipoivamia Kuwait, baadhi ya majengo hayo ndiyo yaliyowapokea Wakuwaiti waliokimbia.

Lakini yote hayo, mkopo na mnara, yalikuwa ya raia. Leo pia, mipango kama Sakani ni ya raia. Sisi tulipanga. Tulipanga kwa dalali, kwa kupeana mikono, kwa kikaratasi kilichoandikwa Kiarabu ambacho baba alitia sahihi bila kupewa nakala. Kodi ililipwa ya mwaka mzima, au mara mbili kwa mwaka, taslimu. Wengine walikaa nyumba za mwajiri, na hapo mwenye nyumba na kafili ni mtu mmoja.

Hapo ndipo malalamiko yalipokufa. Ukigombana na mtu anayeshika iqama yako kwa sababu ya bomba, unagombana kuhusu mambo mawili kwa pamoja, na moja ni kubwa kuliko bomba. Hata pale mwenye jengo asipokuwa kafili, hofu ilikuwa ileile. Nyumbani kwetu Jeddah bayyara ilikuwa inafurika kila mara, harufu inapanda mpaka chumba cha watoto. Mzee mwenye jengo alikuwa akisema "inshallah kesho." Kesho hiyo ilikaa miaka. Mama akitusikia tunanung'unika alisema: "Nyamazeni wanangu, tusije tukaambiwa tuhame." Baba alinunua chokaa, akapaka ukuta ulioota kuvu, akalipa mwenyewe gari la kunyonya bayyara. Mtoto wa Ng'ambo yule, fundi ni yeye.

Zamani nilidhani huo ni unyonge. Siku hizi naona ilikuwa hesabu, tena hesabu sahihi kwa mtu asiye na karatasi. Gharama ya chokaa unaijua. Gharama ya kulalamika huijui.

Oktoba 2021 Jeddah ilianza kubomoa mitaa ya zamani ya kusini na katikati ya mji, mitaa zaidi ya 60 kwenye orodha: Ghulail, Petromin, Karantina, al-Sabil, al-Hindawiyya, al-Nuzla al-Yamaniyya na mingine. Wenye asili ya Afrika walikuwa wengi sana mitaa hiyo. Wengine walizaliwa pale na hawajui kwingine. Mwaka 2022 shirika la Amnesty International lilieleza kwamba watu zaidi ya nusu milioni waliguswa, karibu nusu yao wakiwa wageni, na kwamba wageni hawakuwekwa kwenye mpango wa fidia. Serikali ilieleza kwamba mitaa ile ilikuwa imejengwa bila mpango na ilikuwa na uhalifu mwingi. Lakini hata ukikubali kila neno la maelezo hayo, mpangaji aliyelipa miaka 20 taslimu hakuwa na kitu cha kuonyesha kwamba aliwahi kuishi pale. Buxton mwaka uleule walau wapangaji walikuwa na majina kwenye daftari la kaunti.

Karatasi imekuja

Jambo ambalo wazazi wetu hawakuwa nalo, sisi tunalo. Mwaka 2017 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba mkataba wa kupanga usioandikishwa kwenye mtandao wa Ejar hauhesabiki mbele ya ofisi za serikali wala mahakama. Mwaka 2018 mtandao ukaanza kazi. Desemba 2023 sheria mpya ya miamala ya kiraia ilianza kutumika, na ndani yake mwenye nyumba ana wajibu wa kukukabidhi nyumba inayofaa kutumika na kufanya ukarabati unaohitajika ili iendelee kufaa. Januari 2024 kodi za mikataba mipya ya makazi zikahamia kwenye malipo ya kidijitali kupitia Ejar. Risiti haipotei tena kwenye droo ya mama.

Halafu ikaja Septemba 2025. Riyadh, kodi imesimama miaka 5. Mkataba unajirudia wenyewe, na mwenye nyumba hawezi kukataa kuuendeleza ila kwa sababu chache: hujalipa, au anaitaka nyumba kwa matumizi yake au ya ndugu wa karibu kabisa, au jengo lina kasoro inayohatarisha usalama, iliyothibitishwa na ripoti ya kitaalamu inayotambuliwa na serikali. Anayevunja sheria anaweza kupigwa faini ya hadi kodi ya miezi 12. Jeddah bado haimo kwenye kusimamishwa kwa kodi, ingawa utaratibu wa mkataba kujirudia, mpaka mmoja atoe taarifa siku 60 kabla, ni wa nchi nzima.

Sasa unganisha na tulikotoka. Michenzani kodi ilikuwa sifuri, na mabomba yakaoza. Buxton kodi ilikuwa ndogo, na kuta zikabanduka. Mwenye nyumba wa Riyadh ambaye hawezi kuongeza riyali moja kwa miaka 5 atabana wapi? Huhitaji shahada kulijibu hilo. Atabana kwenye lifti, kwenye tangi la maji, kwenye mlinzi wa jengo. Sisemi kodi zisisimamishwe. Sisi tuliolipa nyongeza kila mwaka tunajua maana yake. Nasema ushindi wa kodi unakuja na kazi, na kazi yenyewe ni kulalamika vizuri.

Na hapa naomba unisikilize kwa makini, hasa wewe uliyefurahia kile kisa cha 1928. Mgomo ule huwezi kuufanya hapa. Mkataba wa Ejar ni sanad tanfidhi, yaani hati inayotekelezwa moja kwa moja. Ukizuia kodi kwa sababu dari linavuja, mwenye nyumba hana haja ya kufungua kesi ndefu. Anakwenda mahakama ya utekelezaji, na wewe ndiye unayekuwa mkosaji, kiyoyozi kibovu na yote. Tena kutolipa ni sababu ya kwanza inayomruhusu kukataa kuendeleza mkataba. Kwa hiyo usikate kodi kwa kichwa chako. Lipa, halafu dai.

Kudai kwenyewe

Soma mkataba wako wa Ejar leo, kabla kitu hakijaharibika. Kwa kawaida makosa ya jengo lenyewe na mifumo yake mikuu, kama lifti, mabomba ya ndani ya ukuta na umeme wa jengo, ni ya mwenye nyumba. Vidogo vya matumizi ya kila siku, kama taa iliyoungua au mfereji uliolegea, ni vyako. Kama kuna kipengele kilichoongezwa kinachokutupia kila kitu, kijue mapema.

Siku unapoingia, piga picha kila chumba, pamoja na madoa yaliyopo. Siku kitu kinapoharibika, piga picha tena na uandike. Usipige simu tu. Simu ndiyo iliyowamaliza wazazi wetu, maana "inshallah kesho" haiachi alama. Andika ujumbe mfupi wa Kiarabu wenye tarehe, tatizo ni nini, liko wapi, na unaomba nini. Kwa adabu. Kama Kiarabu chako cha maandishi ni kama changu, muombe binti ya shangazi.

Akinyamaza, andika mara ya pili ukitaja ule wa kwanza. Hapo ndipo unapokwenda kutafuta suluhu, mfano kupitia jukwaa la Taradhi la Wizara ya Sheria, na isipowezekana, mahakamani kupitia Najiz. Yakiwa ni maji machafu barabarani au jengo la hatari kwa mtaa mzima, hilo si la mwenye nyumba peke yake: namba ya manispaa ni 940.

Na ile sababu ya kasoro ya usalama, itazame kwa macho mawili. Ufa mkubwa kwenye nguzo unaweza kuua, usiufiche kwa kuogopa kuhama. Nyumba itapatikana nyingine. Lakini mwenye nyumba akikwambia kwa mdomo kwamba jengo bovu utoke, muulize ripoti iko wapi na imetolewa na nani. Maneno yake hayatoshi, sheria inataka karatasi. Mimi mwenyewe nikiingia kwenye majengo, nyufa nyingi ninazoonyeshwa ni za plasta tu. Zile za hatari huwa zinajulikana kwa mtu aliyesomea, na ndiyo maana sheria imemtaka mtaalamu badala ya mwenye nyumba.

Jambo la mwisho ni la majirani. Ng'ambo walishinda kwa sababu mtaa mzima ulisema neno moja. Huku hatuna mtaa wa namna hiyo. Ghorofa moja ina Msudani, Mhindi, Mfilipino, Myemeni na sisi. Lakini tangi la maji ni moja na lifti ni moja. Wapangaji sita wakiandika siku moja, kila mmoja kwa jina lake na namba ya mkataba wake, kuhusu lifti ileile, huo si mgomo na hakuna anayevunja kitu. Ni barua sita. Ukiwa peke yako wewe ni mpangaji msumbufu, mkiwa sita ni jengo lenye tatizo.

Wiki hii, waulize wazee wako nyumba yao ya kwanza Jeddah au Riyadh ilikuwaje, na nani alitengeneza kilichoharibika. Usiwaulize kwa nini walinyamaza. Waulize ilikuwa shilingi ngapi, riyali ngapi, nani alishika ufunguo, nani alileta fundi. Wakikubali, rekodi sauti zao ututumie, bila kutaja jina la mwenye jengo. Kipindi kijacho tutazisikiliza pamoja, na kama kuna wakili miongoni mwenu anayezijua kesi za wapangaji huku, tunakuhitaji.